Wewe nani? Historia fupi ya paswedi, matapeli na watu wa kwetu

Nimeadimika, najua. Test zilikuwa zinafuatana kama daladala za asubuhi, na prizentesheni ya seminari nayo ikaangukia humo humo. Sasa nimepumua kidogo. Leo siwaletei stori za foleni ya kantini wala za maji kukatika hosteli. Leo ni historia, somo langu, ila ni historia ya kitu kinachomhusu kila anayelala na simu chini ya mto: wizi wa paswedi kwa kurasa za uongo.

Sababu ya kuandika ni hii. Rumeti wangu ni mtu wa Katesh, wilaya ya Hanang. Mimi ni wa Haydom, wilaya ya Mbulu, kwa hiyo tunaitana jirani. Mwezi uliopita kwenye grupu moja la WhatsApp ilipita linki yenye maneno kwamba kila mwanafunzi ahakiki taarifa zake kabla ya saa sita usiku, la sivyo bumu la muhula huu halimfikii. Nyie mnajua bumu likitajwa watu tunavyokuwa. Akafungua. Rangi zile zile, nembo ile ile, Kiingereza kile kile cha kiofisi. Ukurasa ukamwomba barua pepe, paswedi na namba ya simu, akaandika. Kisha ukamwambia atapokea namba sita kwa meseji, aziandike hapo chini ili kukamilisha uhakiki. Zikaja kweli, akaziandika.

Zile namba sita zilikuwa za WhatsApp. Haikuchukua hata nusu saa, mtu mwingine alikuwa anachati kwa jina lake na kwa picha yake. Mama yake kule Katesh akapata ujumbe: "Mama shikamoo, kuna hela ya mtihani inatakiwa leo leo, laini yangu ina shida, tuma kwenye hii ya mwenzangu." Mama akatuma laki moja na themanini. Ilikuwa hela ya alizeti. Mpaka leo haijarudi.

Hela inauma, ila kuna kilichoniuma zaidi. Watu hapa hosteli walicheka. "Mshamba wa Hanang, kaletewa intaneti jana." Nikasema ngoja, hili nalijibu kwa fani yangu. Nimesoma, nimepiga simu nyumbani kuongea na babu, na hiki ndicho nilichokipata.

PASWEDI YA KWANZA, MWIZI WA KWANZA

Paswedi ya kompyuta ilianza mwaka 1961 kwenye chuo cha MIT, Marekani. Kompyuta ilikuwa moja, kubwa, na watu wengi waliitumia kwa pamoja kwa mfumo uliosimamiwa na Fernando Corbató. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na mafaili yake na saa zake za kutumia mashine, ilibidi mashine imjue nani ni nani. Ndiyo ikawa: andika jina, andika neno lako la siri, pita.

Haukupita mwaka mzima neno hilo likaibwa. Mwizi hakuwa jambazi, alikuwa mwanafunzi wa udaktari aitwaye Allan Scherr. Alipewa saa nne kwa wiki na utafiti wake ulihitaji zaidi. Mwaka 1962 akagundua kwamba unaweza kuiagiza mashine ichapishe faili lolote kwenye karatasi, basi akaiagiza ichapishe faili lenye paswedi zote. Wikiendi akaenda kuchukua karatasi zake, kazi imekwisha. Miaka mingi baadaye alisimulia mwenyewe. Kwa hiyo mwizi wa kwanza wa paswedi anayejulikana ni dent kama sisi, aliyebanwa na risachi!

Lakini angalieni, Scherr aliiba kutoka kwenye mashine. Hakumdanganya mtu aseme neno lake. Mchezo wa kumdanganya mtu ulikuja kushika kasi katikati ya miaka ya 1990, Marekani huko huko, kwa wateja wa kampuni ya intaneti ya AOL. Vijana walitengeneza programu iitwayo AOHell, iliyosambaa mwaka 1995. Ndani yake kulikuwa na kitufe cha kuwatumia wateja ujumbe: sisi ni huduma kwa wateja, tunahakiki akaunti yako, tafadhali tuambie paswedi yako. Watu wakatoa. AOL ikalazimika kuweka onyo kwamba hakuna mfanyakazi wake atakayekuuliza paswedi. Onyo hilo limeandikwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, na bado tunalisoma kila siku kwenye meseji za benki.

Jina la mchezo nalo ni la wakati huo, lilionekana kwenye maandishi ya intaneti mwaka 1996. Kwa Kiingereza linatamkwa kama uvuvi, ila wameliandika kwa p na h mwanzoni. Picha yenyewe ni sahihi: unatupa ndoano nyingi ziwani, humjui samaki yeyote kwa jina, unasubiri mmoja ashike.

Mei 2000 dunia ikapata somo lingine. Barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU, yaani nakupenda, ilitoka Ufilipino ikaenea kwenye mamilioni ya kompyuta kwa siku chache. Ukifungua kiambatanisho tu, programu inajituma kwa watu wote unaowasiliana nao, na moja ya kazi zake ilikuwa kukusanya paswedi za intaneti. Aliyeitengeneza, Onel de Guzman, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kompyuta jijini Manila. Chuo kilikuwa kimekataa pendekezo lake la tasnifu, kwa sababu pendekezo lenyewe lilikuwa programu ya kuiba paswedi ili watu wasio na hela watumie intaneti. Hakufungwa. Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo siku hiyo, ikaja kuitunga miezi michache baadaye mwaka huo huo. Sheria huwa inafika msibani wakati watu wameshazika.

Mpaka hapo tumeona mambo mawili. Kwanza, walionaswa hawakuwa washamba, walikuwa Wamarekani wenye kompyuta majumbani. Pili, ndoano haijabadilika: najifanya mkubwa unayemwamini, nakuuliza wewe nani, wewe unanijibu. Hilo swali la "wewe nani" ndilo linalonirudisha kwetu, kwa sababu kwetu lina historia ndefu kuliko intaneti.

RISITI KWENYE MKEBE WA BABU

Babu yangu ana mkebe wa zamani wa majani ya chai. Ndani yake kuna risiti za kodi, zimekunjwa, nyingine zimeliwa pembe na mende. Nilikuwa nadhani anatunza kumbukumbu. Safari hii nilipompigia simu kumuuliza, akaniambia, "Mjukuu wangu, hiyo haikuwa kumbukumbu. Hiyo ilikuwa njia ya kupita."

Kodi ya kichwa ni ya tangu mkoloni, na baada ya uhuru ilikuja kodi ya maendeleo, ambayo ilifutwa mwaka 2003. Babu anasema siku ya mnada mgambo walisimama njiani. Mwanaume mzima anasimamishwa, anaulizwa: wewe nani, wa kijiji gani, risiti iko wapi? Ukiwa nayo unapita. Ukiwa huna, utajuta kwa nini ulitoka na mbuzi wako asubuhi. Kwa hiyo risiti ilitembea mfukoni kuliko hata leso.

Nikamuuliza, "Babu, na yule mgambo mlimuuliza yeye ni nani? Mlimwomba kitambulisho?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Nimuulize mgambo? Na nani atamlinda huyo mbuzi nikiwa ndani?"

Wadau, kicheko hicho nimekifikiria wiki nzima. Mtu wa kwetu amefundishwa kwa miaka mingi kwamba anayeuliza ana haki ya kuuliza, na anayeulizwa kazi yake ni kujibu haraka.

Na si kodi peke yake. Wale wa sheria mnaijua kesi ya Mulbadaw, mnaisoma kwenye sheria ya ardhi, ila sidhani kama mmewahi kukifikiria kile kijiji chenyewe. Mulbadaw iko Hanang, upande wa Basotu. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha huko mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la NAFCO. Mashamba yalifika saba, karibu ekari 100,000, kwenye malisho ya Wabarbaig. Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 wakafungua kesi Mahakama Kuu Arusha, na wakashinda. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu. Moja ya sababu: wanakijiji hawakuwa wamethibitisha mbele ya mahakama kwamba wao ni wenyeji, kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa Mwingereza.

Someni tena hapo. Mbarbaig wa Hanang, anayejua kila kisima na kila kaburi la mzee wake, anaambiwa hajathibitisha kuwa yeye ni mwenyeji. Sisemi kwamba mahakama na matapeli ni kitu kimoja, msinipeleke huko. Nasema hivi: watu wa wilaya zetu wameishi muda mrefu wakiulizwa wewe nani, na wameona kwamba ukichelewa kujibu, au ukijibu vibaya, unapoteza kitu. Mbuzi, malisho, siku hizi bumu. Mtu wa namna hiyo ukimletea ukurasa wenye nembo ya serikali na maneno "hakiki taarifa zako kabla ya saa sita usiku", unategemea afanye nini? Atahakiki! Na hapa chuoni tupo hivyo hivyo sote, wa Katesh na wa Masaki. Tangu tunaomba mkopo, tunahakiki. Cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, namba ya kidato cha nne, picha, sahihi. Tumekuwa mafundi wa kujibu.

HELA IKAHAMIA KWENYE SIMU

Zamani kidogo, hela ya kutoka Haydom kwenda kwa mtoto aliye shule Arusha ilipanda basi. Unaiweka kwenye bahasha, unampa kondakta unayemjua, unamwandikia mtoto jina, naye anakwenda stendi kusubiri. Ilikuwa na hatari zake, ila kondakta ulikuwa unamwona uso na unajua kwao.

Aprili 2008 Vodacom wakaleta M-Pesa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mitandao mingine ikafuata. Kwa wilaya zetu, ambako kutoka kijijini mpaka tawi la benki ni safari ya kulala, ilikuwa neema tupu. Lakini uso wa kondakta ukaondoka, ukabaki namba ya siri na jina linalotokea kwenye kioo.

Matapeli nao wakahama na hela. Nani humu hajapata meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii, jina litatokea la fulani"? Tunaicheka, lakini ni ujanja mkubwa. Anayeituma hakujui. Anazituma kwa watu maelfu, akijua kwamba kati ya hao lazima yupo mmoja ambaye dakika hiyo hiyo anadaiwa kodi ya pango, au mahari, au hela ya mbolea, na alikuwa anasubiri kuambiwa atume wapi. Huyo mmoja hadanganywi na meseji, anadanganywa na maisha yake mwenyewe. Kenya nao wana ya kwao, na kwa miaka mingi vyombo vya usalama vya huko vimelitaja gereza la Kamiti, Nairobi, kama chimbo la simu za utapeli. Mfungwa yuko ndani ya ukuta, sauti yake iko jikoni kwako.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2015 ilitungwa Sheria ya Makosa ya Mtandao, ikaanza kutumika Septemba mwaka huo. Ilisemwa mengi juu yake, hasa kuhusu uhuru wa kusema, ila kwa mada yetu inakataza kutumia kompyuta kujifanya mtu mwingine. Kisha kuanzia Mei 2019 laini zote zikasajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na mwisho ukawa Januari 20, 2020. Mnakumbuka foleni za NIDA? Mbulu mjini watu waliamka saa tisa usiku na blanketi.

Usajili umesaidia polisi kupata pa kuanzia. Lakini ukiutazama kwa jicho la historia, ni mgambo yule yule: mwananchi ndiye aliyethibitisha, kwa kidole safari hii. Mimi nikipigiwa simu na mtu anayesema ni wa huduma kwa wateja, kidole changu hakinisaidii kumjua yeye. Na laini anayoitumia inaweza kuwa imesajiliwa kwa kidole cha bibi mmoja aliyeambiwa "bonyeza tena, haijasoma". Ndiyo maana ni vizuri kupiga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako.

SI USHAMBA

Kwa wanaoendelea kucheka, nawaletea wakubwa. Machi 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton, alipata barua pepe iliyoonekana ya Google. Ilisema mtu huko Ukraine ana paswedi yako, ibadilishe sasa hivi. Chini kuna kitufe. Ofisi yake haikukurupuka, iliuliza mtaalamu wa kompyuta. Mtaalamu akajibu kwamba barua ile ni halali. Baadaye alieleza kwamba alikusudia kuandika si halali. Kitufe kikabonyezwa, paswedi ikaandikwa kwenye ukurasa wa uongo, na maelfu ya barua zake yakaanza kuanikwa duniani kama mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Hao wana walinzi, wana mawakili, wana mtaalamu wa kumuuliza. Rumeti wangu alikuwa na bando la siku na mtihani kesho yake.

Kampuni ya Google yenyewe, yenye wahandisi wa kila aina, haikutegemea akili za watu wake tu. Mwanzoni mwa 2017 iliwapa wafanyakazi wote, zaidi ya 85,000, kifaa kidogo kama ufunguo cha kuchomeka kwenye kompyuta wanapoingia kwenye akaunti. Mwaka 2018 ikatangaza kwamba tangu hapo haijathibitika mfanyakazi hata mmoja kuibiwa akaunti ya kazini kwa njia hii. Siri ya kifaa kile ni nini? Kinaiuliza tovuti: wewe nani? Kinasoma anwani yake halisi, na ikiwa siyo ile kilichosajiliwa nayo, hakijibu kitu, hata ukurasa uwe mzuri namna gani. Mwanadamu anatazama rangi na nembo. Kifaa kinatazama anwani tu.

Nilipofika hapo nikakumbuka mnada.

KUULIZA TUNAJUA

Nendeni mnada wa Katesh mkamwone mzee anunue ng'ombe. Anakuja kijana na dume zuri, limenona, bei ya chini, naye ana haraka, anataka hela kabla ya saa sita. Mzee hatazami rangi ya ng'ombe. Anatazama chapa, kwa sababu kwa Wadatoga ng'ombe ana chapa ya ukoo, na chapa ya mtu haiendi tu kwa mtu mwingine bila maelezo. Anauliza: wewe wa nani? Baba yako nani? Kibali cha mtendaji kiko wapi? Kijana akijikanyaga kidogo, mzee anaenda zake, na bei ile ya chini ndiyo inayomfukuza haraka zaidi. Mzee huyu huyu jioni anapigiwa simu na "huduma kwa wateja", anataja namba yake ya siri mpaka tarakimu ya mwisho.

Kwa hiyo kuuliza tunajua. Tatizo ni kwamba tunamuuliza anayekuja na ng'ombe, hatumuulizi anayekuja na nembo. Naomba tuhamishe elimu ya mnada, tuipeleke kwenye simu. Nimeipanga hivi:

1. Soma chapa, usisome rangi. Chapa ya tovuti ni anwani yake. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina, kisha soma kurudi kushoto. Maneno ya mwisho kabla ya huo mkwaju ndiyo mwenye nyumba. Tovuti ya Bodi ya Mikopo inaishia na heslb.go.tz. Ukiona heslb.go.tz imekaa mwanzoni, halafu ikafuata nukta na maneno mengine kabla ya mkwaju, hapo mwenye nyumba ni hayo maneno mengine. Majina ya go.tz ni ya serikali na ac.tz ni ya vyuo, hayauzwi kwa mpita njia.

2. Alama ya kufuli haimaanishi mwenye nyumba ni mwema. Inamaanisha njia kati yako na yeye imefungwa, wengine hawasikii. Tapeli naye anafunga mlango akiwa na wewe ndani.

3. Usiingie kwa linki uliyotumiwa. Kama kuna uhakiki wa kweli, andika mwenyewe anwani unayoijua. Kama upo utaukuta huko.

4. Namba sita zinazokuja kwa meseji huwa ni za kwako wewe kuingia, na meseji yenyewe husema ni za nini. Isome yote kabla ya kunakili. Ya rumeti ilikuwa imeandikwa WhatsApp waziwazi, na aliyeharakishwa anaona tarakimu tu.

5. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na WhatsApp iwekee ile namba ya siri ya ziada. Barua pepe iwe na paswedi ya peke yake, kwa sababu ndiyo mlango wa zote: anayeishika anaweza kubonyeza "nimesahau paswedi" kila mahali.

6. Tumia programu ya kutunza paswedi, hata ile iliyomo kwenye simu. Ikikataa kujaza paswedi kwenye ukurasa uliozoea ijaze, usiilazimishe. Imekwisha kusoma chapa. Na huduma ikikupa nafasi ya kuingia kwa ufunguo wa simu yenyewe, ule wa kidole bila kuandika neno lolote, uchukue. Ni ndugu wa kile kifaa cha Google.

7. Ukiibiwa, kimbia. Badilisha paswedi ya barua pepe kwanza, toa vifaa vyote vilivyoingia, sajili upya WhatsApp kwenye simu yako, piga simu nyumbani kabla tapeli hajapiga, na ripoti polisi. Meseji za kitapeli zitume kwenda 15040, namba ya TCRA.

Mtu atasema haya yote ni ya wasomi, mama wa kijijini atayawezaje? Kwa mama kuna moja tu, na ni ya kwake tangu zamani: sauti na swali. Mimi na nyumbani tumekubaliana kwamba hela haitumwi kwa maandishi. Nikihitaji napiga, mama ananiuliza jambo moja kwa Kiiraqw ambalo halipo kwenye Facebook ya mtu yeyote, nikijibu ndipo anatuma. Mara ya kwanza aliona aibu, kama vile anamshuku mwanawe. Nikamwambia mama, hunishuku mimi, unamshuku anayejifanya mimi. Siku hizi anafurahia kabisa, maswali yenyewe anayatunga magumu, juzi nusura nikose nauli.

Mfano wa mwisho. Desemba 3, 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikapita Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki. Sisi tuliokuwa mbali tulikuwa kama vichaa, kila mtu anataka kutuma chochote. Kwenye grupu letu la watu wa Manyara ikaingia namba ya kuchangia, imefowadiwa mara nyingi, haina mwenyewe. Watu wakaanza kuandika "nimetuma". Dada mmoja wa Dongobesh, mkubwa wetu, akaandika maneno matatu: "Nani kaipiga hii?" Kimya. Hakuna aliyekuwa ameipiga. Kuna waliomkasirikia, wakasema watu wanakufa yeye analeta upelelezi. Akasema subirini dakika kumi, nampigia mtu aliye pale pale hospitali. Akapiga, akaleta njia ya uhakika ya kuchangia, tukachanga, na kilichochangwa kikafika kwa waliopoteza ndugu zao.

Ile namba ya kwanza ilikuwa ya nani? Hatukuhitaji kujua. Dakika kumi za kuuliza hazikumnyima mtu msaada, na hakuna aliyekufa kwa kusubiri simu yetu. Nimemweleza rumeti habari ya dada huyo, nikamweleza na ya Scherr na ya Podesta. Wiki ijayo tunakwenda wote Katesh kwa basi la Babati, anataka kuongea na mama yake uso kwa uso. Nami nitapitia mnadani.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Mzazi wako mpigie leo, mpangieni swali lenu. Alamsiki.